Udongo wa chokaa bondeni: maharage ya njano, gunia la salfa na maswali mengine ya wasomaji

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa watu wetu walioko Utah, Marekani, wa bonde la Cache huko Logan na wa bonde la Salt Lake, nimekaa nazo usiku mzima nikaona karibu wote mnauliza jambo moja, ule udongo laini wa kijivu kama unga ambao ukiumwagia siki unachemka. Mi naishi hapa bonde la Cache mwaka wa tisa sasa, kabla ya hapo nilikuwa bibi shamba Lushoto, kwa hiyo mnayoyapitia nimeyapitia na mimi, mwaka wangu wa kwanza mistari mitatu ya maharage iliniishia mikononi na sikujua kwa nini. Ukurasa wa leo wote ni wenu.

Swali: Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni mama wa watoto wanne, natokea Uvira, sasa tuko Logan. Tulipewa kipande kwenye bustani ya pamoja nikapanda maharage, mahindi na lengalenga (mchicha). Lengalenga imestawi sana, mahindi nayo si mabaya, ila maharage majani ya juu yamekuwa njano karibu meupe, mishipa tu ndo imebaki kijani. Nimetia mbolea mara mbili, wapi, ndo kwanza inazidi. Jirani mzungu kaniambia udongo wa huku una chokaa nyingi. Chokaa ile ya kupaka nyumba? Nani kaileta? Na huu udongo ni mzuri ama mbaya, niache nitafute pengine?

Jibu: Marahaba mwanangu, usihame. Kabla ya yote fanya hivi leo jioni: chukua kijiko cha udongo mkavu, weka kwenye kisosi, dondoshea siki ya jikoni, halafu sogeza sikio. Utasikia unachemka chwiii na utaona vipovu vidogo vidogo kama vya soda iliyofunguliwa sasa hivi. Hiyo ndo chokaa inakula siki na kutoa hewa, na ndiyo, ni jamaa moja na ile ya kupaka nyumba, ila ile ya nyumba imechomwa kwenye tanuri na hii haijapita motoni.

Walioileta ni milima na maji. Tazama mashariki ya Logan, ile safu ya Bear River, sehemu kubwa ni mawe ya chokaa na ndugu yake dolomiti, mawe yaliyotengenezwa chini ya bahari ya zamani mamilioni kwa mamilioni ya miaka kabla ya mtu yeyote kuwepo. Vijito vimekuwa vikiyasaga na kuyashusha bondeni. Halafu kuna ziwa. Bonde hili lote pamoja na la Salt Lake lilikuwa chini ya ziwa kubwa linaloitwa Bonneville, kubwa kweli kweli, karibu kilomita za mraba 50,000, na kina chake kilipita mita 300 sehemu za katikati. Kama miaka 18,000 iliyopita maji yakafurika pale Red Rock Pass upande wa Idaho, yakabomoa kizuizi, ziwa likashuka zaidi ya mita 100 ndani ya muda mfupi sana, yote yakaenda na mto Snake. Kilichobaki leo ni lile ziwa la chumvi, Great Salt Lake. Zile ngazi unazoziona ubavuni mwa milima kama matuta ya kuzuia mmomonyoko kule kwetu Lushoto, zimechorwa na mawimbi ya ziwa hilo, na hata pale juu chuo kikuu cha Utah State kilipokaa ni delta ya mto Logan ulipokuwa unamwaga mzigo wake ziwani. Sasa mto ukifika kwenye maji yaliyotulia unaangusha kokoto kwanza, halafu mchanga, ile tope laini inaelea kidogo ndo inatua mbali zaidi. Tope hiyo laini ndo umeshika mkononi.

Wataalamu wanaiita silti. Chembe yake ni kati ya milimita 0.002 na 0.05, ndogo kuliko mchanga, kubwa kuliko mfinyanzi, huwezi kuiona moja moja kwa macho. Ukiisugua ikiwa kavu ni unga wa ngano kabisa, ikiwa mbichi ni laini kama sabuni lakini haikubali kufinyangwa chungu, ukijaribu kutengeneza kamba inakatika. Udongo wa hapa silti imezidi nusu, mfinyanzi kidogo na mchanga kidogo, ni tifutifu ila tifutifu ya vumbi. Kuna aina moja imeandikwa kwenye ramani za udongo kwa jina la Millville, mji mdogo hapo kusini mwa Logan, nayo ili iwekwe kwenye kundi lake lazima chokaa ipite asilimia 40 ukipima kuanzia sentimita 25 kwenda chini mpaka mita moja. Yaani katika kila kilo kumi za udongo, kilo nne na zaidi ni chokaa! Nilipochimba shimo la kupanda mti nyuma ya nyumba yangu, juu kulikuwa na udongo wa kahawia iliyokolea, chini yake ukaanza kufifia, kijivu, mwisho karibu rangi ya maziwa, na nilipogeuza jiwe moja nikakuta tumbo lake limepakwa utando mweupe mgumu kama sufuria iliyochemshiwa maji ya kisima miaka mingi. Hiyo ni chokaa ya juu iliyoyeyuka na maji ya theluji ikashuka ikaganda tena.

Kwa nini haiishi? Kwa sababu mvua ni kidogo. Logan kwa mwaka inapata kama milimita 450 hivi pamoja na theluji, na kiangazi ni kikavu. Nyumbani kwenu juu ya milima ya Uvira, ama Burundi juu, mvua inapita milimita 1,200 kirahisi, imeoshaosha udongo karne na karne, chokaa yote imekwenda ziwani, udongo umebaki mwekundu na mchachu. Huku ni kinyume kabisa. pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ikishuka uchachu umezidi, hapa inacheza kwenye 8, na chokaa inaishikilia hapo hapo, ukiisukuma ishuke inarudi.

Sasa majani ya njano. Maharage yako yana njaa ya madini ya chuma, na dalili umeieleza vizuri kuliko wanafunzi wengi, majani MACHANGA ndo yanageuka njano na mishipa inabaki kijani (yangekuwa yale ya chini ya zamani ningekwambia ni naitrojeni). Chuma kwenye udongo kimejaa, si kwamba hakipo, ila pH ikipanda namba moja, chuma kinachoyeyuka kwenye maji kinapungua mara elfu. Mmea uko sokoni pesa anayo ila maduka yote yamefungwa. Na mimea haitafuti chuma kwa njia moja: mahindi, ngano, shayiri na majani yote ya jamii ya nyasi mizizi yao inatoa kitu cha kwenda kukikamata chuma na kurudi nacho, chokaa haiwasumbui sana. Maharage yenyewe yanatoa uchachu kuzunguka mzizi ili chuma kiyeyuke, na uchachu huo chokaa inaumaliza kabla haujafika popote, kama siki yako kwenye kisosi. Ndo maana mahindi yako yamesimama na maharage yamelala kwenye kiplot hicho hicho. Lengalenga yeye ni mvumilivu tu.

Na hiyo mbolea uliyotia, angalia mfuko, kama namba ya katikati ni kubwa, hiyo ni fosforasi, ukiizidisha inaukosesha mmea zinki ambayo nayo huku ni adimu. Acha kwanza.

Cha kufanya sa hivi: punguza maji, udongo ukikaa umelowa na baridi ya majira ya kuchipua bado ipo, hewa ya mizizi inachanganyika na chokaa na maji inatengeneza baikaboneti, na hiyo ndo inafunga chuma zaidi. Mara nyingi jua likikolea na udongo ukapumua majani mapya yanatoka kijani yenyewe. Kama unataka kuyasaidia nunua salfeti ya chuma, gramu 5 kwa lita moja ya maji, pulizia majani jioni jua likishazama, rudia baada ya wiki moja ama mbili. Jani lililopata linakijanika kwa madoa madoa, usishtuke, na majani yatakayotoka baadaye hayana habari na dawa hiyo, ndo maana unarudia. Kuimwaga hiyo salfeti kwenye udongo ni kuitupa, inageuka kutu siku chache. Kuna chuma cha kumwaga kwenye udongo kilichofungwa kwa kitu kinaitwa EDDHA, soma hizo herufi vizuri, hicho kinahimili pH ya huku, wakati kile cha EDTA ambacho ni bei rahisi kinaachia chuma njiani. Ila cha EDDHA ni ghali, mi naona kinafaa miti ya pichi na mizabibu, si maharage.

Halafu jambo la mwisho na kwangu ndo kubwa kuliko yote, tembea kwenye kiplot chako na vya wenzio wakati huu huu wa njano, utakuta mashina mawili matatu yamebaki kijani kabisa katikati ya yaliyofifia. Funga kitambaa. Mbegu ya hayo ndo upande mwakani. Aina za maharage zinatofautiana sana kwa hili na mama zetu walichagua mbegu hivyo hivyo tangu zamani, tukifika huku tunaanza kununua paketi dukani kila mwaka tunaanza upya kila mwaka. Umeuliza mzuri ama mbaya: huu ni udongo mzuri, una akiba ya maji ambayo nitaieleza mbele, na watu wameulima tangu karne ya kumi na tisa, ngano, shayiri, lusani ya ng'ombe wa maziwa, na mwaka 1901 pakajengwa hapo Logan kiwanda cha sukari ya biti. Biti na lusani zinaupenda kabisa.

Swali: Dada habari za kazi. Niko West Valley, Salt Lake. Nimeangalia video, jamaa anasema udongo wa chokaa dawa yake ni salfa, unaweka pH inashuka. Nimeona gunia la pauni 50 dukani. Nichukue mangapi kwa bustani ya mita 10 kwa 10?

Jibu: Kaka salama. Usichukue hata moja, na nitakupigia hesabu uione mwenyewe. Mita moja ya mraba, kina cha sentimita 15 tu, ina udongo kama kilo 195. Tuseme chokaa yako ni asilimia 20, nimekupunguzia. Hizo ni kilo 39 za chokaa kwenye mita moja. Kuimaliza chokaa kilo 100 inatakiwa salfa kilo 32, kwa hiyo mita yako moja inakula kilo 12 na nusu. Bustani yote mita 100 za mraba ni kilo 1,250, tani moja na robo, magunia kama 55 ya hayo uliyoyaona, na ukimaliza utakuwa umetengeneza jasi (jipsamu) kilo 67 kila mita na chini ya hapo chokaa bado ipo inakungojea, na maji ya kumwagilia yanayotoka kwenye makorongo ya mawe hayo hayo yanaleta nyingine.

Mpaka chokaa iishe pH haishuki. Ndo tofauti ya udongo wenye pH 7.5 bila chokaa na huu wetu, ule wa kwanza salfa kidogo inausogeza, huu hausogei. Yule wa kwenye video pengine anasema kweli kwa udongo wa kwao. Ndo maana nasema siki kwanza, ukiona povu, weka pochi mfukoni. Salfa ina kazi zake, kule Mtwara wanaipuliza kwenye mikorosho kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiriunga, huku kwenye bustani ya chokaa haina kazi hiyo uliyoambiwa.

Hela hiyo nunua mboji. Sentimita mbili na nusu juu ya bustani yote kila mwaka, ichanganye juu juu. Mboji haiiondoi chokaa ila inapooza inatoa vitu vinavyoshika chuma na zinki visigande, na wadudu wa udongo wanatengeneza vichumba vidogo ambamo mzizi unapumua. Angalizo moja, mboji ya samadi ya ng'ombe na kuku huku mara nyingi ina chumvi nyingi, muulize muuzaji kama imepimwa, na usiweke nene mwaka mmoja kwa pupa.

Swali: Amani kwako Bibi Shamba. Mimi ni mzee wa miaka 71 nilikuwa mkulima Gitega, watoto wamenileta Ogden. Kwetu tulitupa majivu ya jikoni shambani na serikali ilitufundisha kuweka chokaa, mavuno yakapanda. Nimefanya hivyo hapa, majivu ya mwaka mzima ya stovu ya kuni nimemwaga kwenye nyanya. Mwanangu anasema nimeharibu. Nani mkweli?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Wote wawili, na naomba usijilaumu maana ulichofanya Gitega kilikuwa sahihi kabisa. Milima ya Burundi udongo ni mchachu, pH inashuka hata chini ya 5, hapo alumini inayeyuka inachoma mizizi, mizizi inakuwa mifupi minene kama vidole, na majivu ama chokaa inaituliza ile alumini. Ni dawa ya kweli.

Hapa ugonjwa huo haupo. Majivu yanapandisha pH na kuongeza chumvi mahali ambapo pH tayari imepanda, na potasiamu ambayo ndo faida ya majivu, udongo wa huku mara nyingi unayo ya kutosha. Umwagaji wa mara moja hautaua shamba, mzee, chokaa iliyopo ni nyingi mno kuliko hayo majivu, ila yaliyorundikana karibu na shina yakokote uyatoe, halafu lowesha vizuri mara moja mpaka chini ili chumvi ishuke. Mwaka kesho majivu yaende kwenye pipa la taka yakishapoa.

Na ukipeleka sampo ya udongo maabara (ipo ya chuo hapo Logan, wanapokea) angalia fosforasi imepimwa kwa njia ya Olsen, ilitengenezwa miaka ya 1950 kwa ajili ya udongo wa chokaa hasa. Njia za udongo mchachu zinatumia asidi, na asidi ikikutana na chokaa inaisha nguvu, jibu linakuja la uongo. Fosforasi yenyewe huku inafungwa na kalsiamu kidogo kidogo, kwa hiyo usiitawanye, iweke mstari mwembamba pembeni na chini kidogo ya mbegu, sentimita tano hivi, mzizi mchanga uikute kabla chokaa haijaikuta. Yurea nayo usiiache juu ya udongo, ifukie ama imwagilie siku hiyo hiyo. Ukiiacha juani juu ya chokaa inageuka amonia inapaa, ile harufu ya choo inayochoma pua ni hela yako inaondoka.

Swali: Naomba msaada dada, nimepanda maharage na bamia mara mbili hayaoti. Mvua ilipiga siku ya pili, likafuata jua, juu pamekuwa kama sakafu. Nikifukua nakuta mbegu imeota lakini imekatika. Ni panya?

Jibu: Si panya mdogo wangu. Umefukua ukakuta shingo imekatika na yale mapande mawili ya mbegu yamebaki chini, sivyo? Hilo ni ganda.

Silti ina tabia hii, haina uzito wa mchanga wa kukaa peke yake na haina gundi ya mfinyanzi ya kushikana. Tone la mvua likipiga, bonge linavunjika, vumbi linajaza vitundu vyote vya hewa, jua likitoka panakauka kuwa kigae. Ukikiinua kwa ncha ya kisu kinatoka kipande kipande, chembamba, juu laini kabisa kama kimepigwa pasi, chini kina mbegu ya bamia imebonyea imejikunja. Maharage ndo yanateseka zaidi maana hayatoki kwa ncha kama mahindi, yanatoka kwa kuinama, yanasukuma kwa shingo na kuvuta kichwa nyuma yake, yakikuta kigae shingo inakatika.

Ambayo mi nafanya. Sifanyi tifu udongo ukawa unga kabla ya kupanda, nauacha na mabonge madogo ya ukubwa wa mbegu ya kunde. Mbegu sifukii kwa udongo wa hapo, nafukia kwa mboji, sentimita mbili, mboji haitengenezi ganda. Napanda tatu nne kwenye shimo moja, zinasukuma pamoja, utaziona asubuhi zimeinua kigae kama mfuniko wa sufuria. Na kuanzia siku ya nne ya kupanda naloweka juu kwa kopo la vitundu vidogo kila asubuhi, kidogo tu, ganda lisikauke, mpaka vyote vitoke. Zikishatoka nafunika katikati ya mistari kwa nyasi kavu, tone halipigi udongo tena. Kama ganda limeshafunga na mbegu ziko chini bado hazijakatika, pita na reki juu juu sana, kina cha kucha, kwa mkono mwepesi.

Na usilime udongo huu ukiwa mbichi hata kama mume anakuharakisha jumamosi ndo siku yake ya off. Shika ngumi ya udongo, ikandamize, bonyeza kwa dole gumba. Ukipasuka, lima. Ukibonyea bila kupasuka, ngoja, ukiulima hivyo unatengeneza matofali ambayo hayatavunjika msimu mzima.

Swali: Shangazi, binti yangu anataka kupanda bluberi na mume wangu viazi ulaya. Itawezekana?

Jibu: Bluberi hapana, anataka pH ya 4.5 mpaka 5.5 kama chai, mpandie kwenye pipa lenye udongo wa kununua ama mchagulieni rasberi, ingawa nayo itataka chuma mara kwa mara. Viazi vitazaa ila ngozi itatoka na mikwaruzo migumu kama ukurutu, ndani viko salama, menya pika.

Swali: Salaam. Nasoma gazeti lenu nikiwa Karatu, nina ndugu upande wa Ngorongoro kule tambarare za Serengeti. Wakichimba shimo la choo wanakutana na kitu cheupe kigumu, nusu mita tu, jembe halipenyi. Na sehemu nyingine juu ya ardhi kuna unga mweupe. Ndo hiyo hiyo chokaa ya Utah?

Jibu: Wa aleikum salaam kaka. Kile kigumu cha chini ndiyo, ni chokaa iliyoganda, ila asili yake si mawe ya bahari, ni majivu ya volkano. Ol Doinyo Lengai ndo volkano pekee duniani iliyo hai inayotoa lava ya magadi na chokaa, na jirani yake Kerimasi aliyelala naye alimwaga majivu ya namna hiyo. Upepo ukayapeleka tambarare, mvua ikaishusha chokaa chini, ikaganda ikawa kama zege. Mizizi ya miti haipenyi, nyasi fupi zinaishi na kile kidogo cha juu, ndo maana pale mahali ni pa wazi hakuna mti hata wa kivuli na nyumbu wanakwenda kuzalia hapo.

Ule unga wa juu ni kitu kingine, usivichanganye. Chota weka kwenye glasi ya maji, ukiyeyuka na maji yakateleza vidoleni ni magadi, ukitua chini haujayeyuka ni chokaa. Dalili ya maabara ni pH, chokaa peke yake haivuki 8.5, ikipanda 9 na kuendelea hapo kuna magadi, na udongo wa magadi unakuwa mweusi unaoteleza na maji hayazami. Huo ndo unatibiwa kwa jasi na maji mengi ya kuosha, tena kama chini kuna chokaa hata salfa inafaa maana inaiyeyusha chokaa itoe kalsiamu ya kuisukuma sodiamu. Yule kaka wa West Valley asisome hapa akarudi dukani, wa kwake ni chokaa tupu.

Swali: Mama Shamba, mi namwagilia kila jioni dakika kumi kwa mpira, Logan, Julai jua kali, lakini nyanya zinanyong'onyea mchana na majani yameanza njano. Niongeze iwe asubuhi na jioni?

Jibu: Hapana baba, geuza kabisa. Hii ndo akiba niliyomuahidi yule mama wa Uvira. Silti inashika maji kuliko karibu udongo wowote, mita moja ya kina inabeba kama milimita 170 mpaka 200 ambazo mmea unaweza kuzinywa. Mizizi ya nyanya na maharage tuseme inashuka sentimita 60, hapo kuna milimita 110 hivi, usiache mmea unywe zaidi ya nusu, kwa hiyo una kama 55 za kutumia. Julai hapa bustani inakunywa kama milimita 6 kwa siku. Gawanya. Siku tisa! Mara moja kwa wiki inakutosha, ila iwe kumwagilia kwa kweli, maji yashuke yote hayo mpaka chini.

Wewe dakika kumi kila jioni unalowesha vidole viwili vya juu, mizizi inakaa hapo hapo juu kungojea, jua likiwaka inaungua, na hapo juu panakaa majimaji muda wote, ile baikaboneti niliyoisema inajaa, ndo njano hiyo. Fungua mpira taratibu uvuje, si kwa kasi maana silti inaziba na maji yatatembea juu yaende kwa jirani, uache saa kadhaa. Halafu chukua kipande cha nondo nyembamba, mita moja, subiri kesho yake asubuhi ukichome kwa mkono. Kwenye mbichi kinazama chenyewe, kikifika pakavu kinagoma. Kikigoma sentimita 20, rudi kafungue maji.